Hapa Pametokea Nini? Hotuba Kuhusu Mawe ya Ukumbusho Kando ya Barabara

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanakamati wa kumbukumbu za vijiji, walimu wa historia na mafundi ujenzi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.)

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji wa vijiji, walimu, mafundi, na ninyi wazee mliovumilia viti hivi vya plastiki tangu asubuhi: shikamooni. Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mmeniita nizungumzie jambo moja. Kijiji kinataka kuweka jiwe kando ya barabara kukumbuka siku kiongozi mkubwa alipofika pale. Kinaanzia wapi? Linajengwaje likadumu? Na kwa nini mengi tuliyonayo yamepasuka, yameng'olewa, au yapo mazima lakini hayamwambii mtu kitu?

Nianze na hayo mazima yasiyosema kitu, kwa sababu ndiyo mengi.

Simameni mbele ya jiwe lolote la kawaida katika nchi yetu. Mstari wa kwanza: "Jiwe hili limezinduliwa na Mheshimiwa" fulani. Mstari wa pili, cheo chake chote. Mstari wa tatu, tarehe ya uzinduzi. Mstari wa nne, kama nafasi imebaki, jina la mradi na mkandarasi. Haya, jiwe ni la kumbukumbu ya nini? Halisemi. Aliyekuja miaka arobaini iliyopita, yule tunayemkumbuka, ameandikwa kwa herufi ndogo kuliko mgeni rasmi aliyekuja kukata utepe. Mtoto wa darasa la tano anasoma, anageuka kumuuliza mwalimu: kwani hapa pametokea nini?

Ndugu zangu, hilo ndilo swali. Hapa pametokea nini? Jiwe lisilojibu swali hilo ni zege tu.

Nawapa mfano kutoka kwa jirani zetu. Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, kuna mwamba mkubwa uliochorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Basi. Majina na tarehe. Matokeo yake ni nini? Miaka nenda miaka rudi wageni wanaambiwa, na wenyewe wanaamini, kwamba pale ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Sipo! Walikutana Ujiji, Kigoma, wiki kadhaa kabla. Mugere walifika wakiwa pamoja tayari, wakizunguka upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, wakalala siku mbili. Mwamba haukudanganya, tarehe yake ni sahihi. Kosa lake ni kunyamaza. Pangeongezwa maneno manne tu, "walilala hapa wakitokea Ujiji", ubishi usingezaliwa.

Na Ujiji kwenyewe kuna funzo jingine. Jiwe la Ujiji linataja mwembe uliokuwapo pale wakati ule. Uliokuwapo. Mwembe wenyewe ulikufa zamani, na miembe inayooneshwa leo inasemekana ni machipukizi yake. Aliyeandika alikuwa mwerevu: alijua mti hufa, akaandika kwa namna ambayo maneno hayatakuwa uongo siku mti ukifa. Ila tarehe iliyozoeleka ya Ujiji, 10 Novemba 1871, ni ya Stanley. Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku kwa maradhi na safari, na daftari lake linatoa siku za mwishoni mwa Oktoba. Wataalamu bado wanavutana. Katika hali kama hiyo, andikeni "mwishoni mwa mwaka 1871". Mwaka ulio sahihi una heshima kuliko siku ya kubahatisha.

Sasa tuandike jiwe pamoja, hapa hapa, kwa tukio la kweli. Januari 1962 Nelson Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri, hana hati ya kusafiria, akapitia Bechuanaland, yaani Botswana ya leo, na kutoka huko akapanda ndege ndogo pamoja na mwenzake Joe Matthews hadi Mbeya. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa mwezi mmoja na siku kadhaa. Mwenyewe amesimulia yaliyotokea hotelini. Walikuta weusi na weupe wamekaa barazani pamoja, wanaongea. Mbunge wa TANU, John Mwakangale, alikuwa amekwisha kuja kuwaulizia, lakini mama wa Kizungu wa mapokezi hakuwaambia. Mgeni mmoja Mwafrika akamkemea mama yule: awe mwangalifu, hawa ni wageni wetu. Mandela anasema hapo ndipo alipotambua kuwa yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajiona mtu huru.

Mnaona utamu wa tukio hilo? Hakuna hotuba, hakuna ngoma, hakuna umati. Ni hoteli na maneno ya mapokezi. Mwandishi wa mawe aliyezoea atafanya nini? Ataandika: "Hapa alifika Rais Nelson Mandela, Baba wa Taifa la Afrika Kusini, akapokelewa Tanzania na kukutana na Rais Julius Nyerere." Hesabuni makosa. Mandela hakuwa Rais, alikuja kuwa Rais mwaka 1994. Tanzania haikuwapo, Muungano ni wa 26 Aprili 1964 na jina Tanzania likaja Oktoba mwaka huo. Na Nyerere hakuwa Rais. Cheo cha Rais kilianza na Jamhuri, 9 Desemba 1962. Alikuwa Waziri Mkuu mpaka 22 Januari 1962 alipojiuzulu, Rashidi Kawawa akashika nafasi. Kwa hiyo kabla hujaweka cheo chochote mbele ya jina la Mwalimu katika mwezi ule, sharti ujue siku yenyewe. Kama siku huna, andika "Mwalimu Julius Nyerere" na usiongeze cheo. Hakuna atakayekulaumu.

Jiwe hilo lingeweza kusomeka hivi: "Januari 1962, mwezi mmoja baada ya Tanganyika kupata uhuru, Nelson Mandela na Joe Matthews wa chama cha ANC walitua Mbeya kwa ndege wakitokea Bechuanaland. Mandela alikuwa ametoka Afrika Kusini kwa siri kutafuta msaada wa kupigania uhuru. Kesho yake walikwenda Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Julius Nyerere. Mandela alisimulia baadaye kwamba hapa Mbeya ndipo alipojiona mtu huru kwa mara ya kwanza." Ni maneno yasiyofika sitini na tano. Nani, lini, alitoka wapi, kwa nini, alikwenda wapi, na kwa nini mahali hapa na si pengine. Chini yake, kwa herufi ndogo, aliyeweka jiwe na mwaka wa kuliweka. Mgeni rasmi? Mwekeeni kibao chake kidogo upande wa nyuma. Nasema kwa heshima zote, waheshimiwa madiwani. Upande wa nyuma.

Mnacheka, lakini hilo ndilo litakalowasumbua kuliko saruji.

Jambo la pili. Mnajuaje kwamba ni hapa?

Barabara hii ya Butiama hadi Mwanza ina tukio kubwa. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU Mwanza. Maili zipatazo 138, zaidi ya kilomita mia mbili. Leo ukipita kwa basi kupitia Bunda, Lamadi, Magu na Kisesa, uliza kila kijiji. Kila kijiji kitakwambia: hapa alipumzika, hapa alikunywa maji, chini ya mti ule alikaa. Je, wanadanganya? La. Lakini mtu huyu alipita katika nchi hii mara ngapi? Alipita akiijenga TANU kabla ya uhuru. Alipita akiwa Rais, akikagua pamba na vijiji vya ujamaa. Alipita baada ya kustaafu mwaka 1985, akiishi Butiama. Mzee aliyemwona mara nne anakumbuka mara nne kama siku moja, na siku hiyo huwa ile yenye sifa zaidi.

Kwa hiyo ushahidi wa mdomo una taratibu zake, na nawaomba walimu mzishike barabara.

Kwanza, msiwakusanye wazee pamoja. Ukiwaweka kumi chini ya mwembe, atasema mmoja mwenye sauti, wengine tisa wataitikia. Ongea na kila mmoja peke yake, rekodi kwa simu, na mwanzoni kabisa mwa rekodi taja tarehe, mahali na jina la anayeongea. Baada ya hapo ndipo mnaweza kuwaweka pamoja wabishane. Ubishi ule nao una faida.

Pili, msiulize swali lenye jibu ndani yake. "Mwalimu alisimama hapa mwaka 1967, sivyo mzee?" Mzee mstaarabu atasema ndiyo. Uliza: uliwahi kumwona Mwalimu? Ulikuwa na umri gani, umeoa, unasoma? Alikuja kwa gari au kwa miguu? Mashamba yalikuwaje, mvua zimeanza? Shuleni mlifundishwa na nani? Majibu hayo ndiyo yanayotoa mwaka. Mtu akisema alimwona akiwa darasa la nne, na daftari la mahudhurio la shule linaonesha alianza darasa la kwanza mwaka 1970, basi huyo hakuona matembezi ya 1967, aliona ziara nyingine. Ushuhuda wake si wa kutupa, ni wa jiwe jingine.

Tatu, karatasi. Matembezi yale yaliandikwa magazetini. Mwaka 1967 yalikuwapo Uhuru, Ngurumo, The Nationalist na The Standard. Yatafuteni katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Picha ziulizeni Idara ya Habari, Maelezo. Sauti za zamani za Radio Tanzania zimerithiwa na TBC. Msiende na ombi la jumla, "tunataka habari za Mwalimu", mtapewa milima. Nendeni na mwezi na mwaka: Oktoba 1967, Butiama hadi Mwanza. Na barua yenye mhuri wa halmashauri.

Mkipata mashahidi wawili waliohojiwa mbalimbali wanaokubaliana, pamoja na karatasi moja, wekeni jiwe la mahali. Mkiwa na mashahidi bila karatasi, andikeni "wazee wa kijiji hiki wanasimulia kwamba". Hilo si aibu. Mkiwa hamna hata hilo, lakini mnajua alipita barabara hii, wekeni jiwe la njia: "Mwalimu alipita njia hii". Matembezi hayana mahali pamoja, yana njia. Kwa nini vijiji vigombane kuhusu mti mmoja wakati vyote viko kwenye njia moja?

Nije mahali penyewe, kando ya barabara.

Mwajua alama ya X nyekundu, ile ya kubomolewa kupisha barabara? Nani hapa hajawahi kuiona ukutani? Basi X haijali kama ukuta ni duka au ni jiwe la Baba wa Taifa. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara. Si kutoka ukingo wa lami. Kutoka katikati. Kosa hili la kupima kutoka ukingoni ndilo linaloua mawe mengi: jiwe linajengwa ndani ya hifadhi, barabara inapanuliwa, greda linapita, na mwendesha greda hana habari. Chukueni futi kamba, wekeni mtu katikati ya barabara aongozwe na mwenye bendera nyekundu, pimeni mita 30, ongezeni mbili. Hapo ndipo pa kuanzia. Mkitaka kibao chochote ndani ya hifadhi, hata cha mshale, ombeni kibali TANROADS kwa meneja wa mkoa; kwa barabara za wilaya na vijijini nendeni TARURA. Na ardhi ya nje ya hifadhi ina mwenyewe. Familia ikikubali, ukubali wake uingie kwenye muhtasari wa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, ukubwa wa eneo ukitajwa kwa mita. Maneno ya mdomo huisha siku shamba linapouzwa.

Wengine mtasema: Sheria ya Mambo ya Kale inatulinda. Isomeni vizuri. Ulinzi wa moja kwa moja ni kwa majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Mahali pa mwaka 1967 panalindwa kama Waziri amepatangaza. Kwa hiyo andikieni Idara ya Mambo ya Kale mapema, mkiambatisha ushahidi wenu, ramani na vipimo vya GPS. Simu ya kawaida inatosha kwa hilo.

Sasa, nani atasoma? Gari liendalo kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Herufi ya milimita 25 inasomeka vizuri kutoka mita kama 10. Fanyeni hesabu: dereva hawezi kusoma jiwe, hata mngeliandika kwa rangi ya moto. Kwa hiyo vitu ni viwili na visichanganywe. Kuna kibao cha kuelekeza, chenye maneno matatu au manne kwa herufi za milimita 150, kinachosomeka kutoka mita 60, kiwe mita mia mbili kabla ya eneo kwa kila upande. Na kuna jiwe lenyewe, la kusomwa na mtu aliyesimama mita mbili mbele yake, herufi za milimita 18 hadi 20. Ukichanganya hivi viwili unapata kile tunachokiona kila siku: bango kubwa ambalo dereva hawezi kulimaliza na mwenda kwa miguu hana sababu ya kulisogelea.

Gari likisimama, lisimame wapi? Basi la wanafunzi lina mita kumi na zaidi. Likiegeshwa nusu kwenye lami, jiwe lenu limegeuka mtego. Msiweke eneo ndani ya kona, wala mara baada ya mwinuko, wala karibu na daraja. Tengenezeni sehemu ya kuegesha yenye moramu iliyoshindiliwa, na watoto wasilazimike kuvuka barabara.

Tazameni walichofanya Afrika Kusini, karibu na Howick, kwenye barabara ya R103. Hapo ndipo polisi walipomkamata Mandela tarehe 5 Agosti 1962, mwaka ule ule wa Mbeya. Mwaka 1996 pakawekwa kibao cha kawaida kando ya barabara. Mwaka 2012, upande wa pili wa barabara, ikasimikwa sanamu ya nguzo 50 za chuma. Ukiwa karibu unaona nguzo tu. Ukisimama mita 35 mbele yake, nguzo zinakusanyika kuwa uso wa Mandela. Fedha za namna ile hatuna, na hatuzihitaji. Ninachowaonesha ni kwamba mjenzi alianza kwa kuuliza mtazamaji atasimama wapi, ndipo akasimika chuma. Sisi tunamwaga zege kwanza.

Na mahali penyewe panaweza kupotea. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, kwenye nyumba iliyojengwa juu ya mti wa mugumo. Usiku ule baba yake alifariki, naye akawa Malkia. Kibao kikawekwa kusema hivyo. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, nyumba ile ilichomwa moto. Hoteli mpya ikajengwa mwaka 1957 jirani na pale, kubwa zaidi. Jina lile lile, bwawa lile lile la wanyama, lakini si mti ule. Na habari za msiba wenyewe alipewa akiwa Sagana, si juu ya mti. Mgeni asipoambiwa haya anaondoka akiamini amekanyaga mbao alizokanyaga Malkia. Zaidi ya hapo, miezi minane baada ya usiku ule serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na wenyeji wa Nyeri wakapitia mateso na vizuizini. Kibao kinachotaja mgeni na mti, kikawaacha wenye msitu, kimejibu nusu ya swali. Hapa pametokea nini? Pametokea na hayo.

Mafundi, sasa ni zamu yenu. Nitakwenda taratibu ili muandike.

Udongo kwanza. Nchi hii ya kwetu, kuanzia Bunda kushuka Magu, ina maeneo mengi ya udongo mweusi wa mbuga. Mnaujua: masika unavimba, kiangazi unapasuka ufa wa kuingiza mkono. Msingi wa sentimita thelathini juu ya udongo ule utainuliwa na kushushwa kila mwaka, na jiwe litapinda au kukatika katikati. Chimbeni mita moja, au mpaka mfikie udongo mgumu. Toeni mweusi wote. Jazeni moramu kwa tabaka za milimita 150, kila tabaka mkimwagia maji kidogo na kushindilia kabla ya nyingine. Mtu atawaambia moramu imwagwe yote kwa mara moja kisha ishindiliwe juu. Mkatalieni. Shindilio la mkono halifiki chini, na moramu ile itazama yenyewe baada ya mvua ya kwanza.

Juu ya moramu wekeni tabaka jembamba la zege dhaifu, milimita 50, ili nondo zisigusane na udongo. Kisha kitako cha mita 1.6 kwa mita 1, unene milimita 150, chenye wavu wa nondo, ule uitwao BRC, uliokaa juu ya vipande vya zege, si juu ya mawe ya kuokota. Kisha nguzo ya mita 1 kwa sentimita 40, kimo mita 1.3. Uwiano ni 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Kwa kazi yote hiyo andaeni mifuko 6 ya saruji ya kilo 50. Fundi akisema mitatu inatosha, ameshusha uwiano. Akisema kumi, waulizeni wenye nyumba mpya jirani.

Maji yawe machache. Zege la uji linamwagika kirahisi na linapendeza siku ile, lakini maji ya ziada yakikauka yanaacha matundu, na matundu yanaingiza unyevu hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kubandua zege kwa nje. Ndiyo maana nondo zifunikwe kwa milimita 40 za zege kila upande, na kwa wenzetu wa pwani milimita 50, wala wasithubutu kutumia mchanga wa bahari usiooshwa. Zege likishashika, lifunikeni kwa magunia na kulimwagilia siku 7. Siku 7, si mbili. Kazi nyingi huharibikia hapa, kwa kuwa uzinduzi umepangwa Jumamosi na zege limemwagwa Jumatano.

Bamba la maandishi. Shaba ni nzuri sana na itaibwa. Samahani kwa kusema wazi, lakini soko la vyuma chakavu mnalijua. Marumaru nyembamba za milimita 10, zile za sakafuni, zikibandikwa kwa saruji huanguka baada ya misimu michache: jua huitanua marumaru kwa kipimo chake na zege kwa kipimo chake, maji yanaingia nyuma, bamba linaachia. Chukueni graniti nyeusi iliyong'arishwa, unene milimita 30, ukubwa milimita 900 kwa 600. Ina uzito wa kilo 44 hivi, kwa hiyo watu wawili wanaiinua. Ishikizwe kwa pini nne za chuma kisichoshika kutu zilizozama ndani ya zege kwa gundi ya epoksi, na pembeni zizibwe maji yasiingie. Ukubwa huo, kwa herufi za milimita 18, unabeba maneno 90 kwa raha. Yakizidi, punguzeni maneno, msipunguze herufi.

Maandishi yachongwe ndani ya jiwe. Graniti nyeusi ikichongwa hutoa weupe wake yenyewe, haihitaji rangi. Rangi ya dhahabu mnayoipenda itapauka na kubanduka, na mtu atakayekuja kuipaka upya ataongeza herufi zisizokuwapo. Kabla ya kuchonga, chapisheni maandishi yote kwenye karatasi ya ukubwa ule ule, ibandikeni ukutani ofisi ya kijiji kwa wiki mbili, na waacheni watu wote wasome, hata watoto. Makosa ya tahajia hayafutiki kwenye graniti. Kisha watu watatu wasaini karatasi ile, mmoja akiwa mwalimu wa Kiswahili. Na uso wa bamba uelekee kaskazini au kusini. Jua la asubuhi na la jioni halitaupiga moja kwa moja, na msomaji hatazuiwa na mng'ao.

Baada ya ujenzi kazi si nyingi. Kufyeka nyasi, kuosha kwa maji, sabuni laini na brashi ya nyuzi laini. Msitumie brashi ya waya, msitumie asidi ya kusafishia vyoo. Kila mwisho wa masika mtu aliyetajwa kwa jina akague: msingi umepinda? Weka pima maji juu ya nguzo. Ziba limeachia? Mabango ya mikutano na ya waganga yamebandikwa? Shule ya msingi iliyo jirani inaweza kubeba kazi hii, kwa sharti kwamba mwalimu akihamishwa daftari la ukaguzi libaki shuleni.

Nimeulizwa kabla ya kupanda hapa: na lile jiwe lililopo tayari, lenye tarehe mbaya, tulivunje? Msivunje. Nalo sasa lina umri wake, na kosa lake linaonesha watu wa wakati ule waliamini nini. Wekeni kibao kidogo chini yake, chenye mwaka wa kukiweka, kikisema tarehe sahihi na mmeipata wapi. Wanaofuata nao wakigundua ninyi ndio mliokosea, watapata pa kuongeza chao.

Mwenyekiti, fomu za mahojiano ziko mezani kwa katibu, nakala tatu kwa kila kijiji, na mchoro wa msingi umebandikwa mlangoni. Mafundi waupige picha kabla ya chakula. Nakurudishia kipaza sauti kwa ajili ya maswali.